Kila Jumamosi tunapulizwa moshi wa mbu hapa Singapore. Mliozoea, nifunge dirisha au nihame?

#1 Mtanga_Ughaibuni

Wakuu, salaam.

Nina miezi mitano Singapore, kazi yangu ni ya meli (ufundi, si unahodha, msianze kuniomba chombo). Mwezi uliopita mama watoto na kijana wetu wa miaka minne wamenifuata. Kijana ana pumu.

Tumepanga kwenye kondo (fleti za binafsi zenye uzio na menejimenti yao), ghorofa ya tatu. Kuna bwawa la kuogelea na bustani inayofyekwa kila siku utadhani inanyolewa. Sasa kila Jumamosi saa moja na nusu asubuhi, jua huku ndiyo kwanza linachomoza, unasikia ngurumo chini kama bodaboda iliyong'olewa ekzosi. Jamaa wawili wanatokea na mabomba mabegani. Wanapita kwenye maua, mitaroni, kwenye bembea za watoto. Moshi mweupe, mzito. Dakika mbili huoni bwawa, dakika tano umefika kwangu unabisha hodi. Harufu ni dizeli pamoja na kitu kitamukitamu kama sabuni ya choo. Ukifungua mlango wa roshani baadaye, vigae vinateleza. Pitisha kidole, kinarudi na mafuta.

Ndani ya lifti wamebandika tangazo: fungeni madirisha, dawa haina madhara kwa binadamu. Sawa. Lakini wapulizaji wenyewe wamevaa barakoa zenye vichujio viwili mashavuni, miwani, glavu na mabuti. Kama haina madhara, wao wanajikinga na nini?

Jirani yangu ni bibi wa Kichina wa miaka sabini hivi, huku wanawake wa umri huo wote tunawaita anti. Yeye hukaa chini kwenye benchi na uji wake. Moshi ukifika anafunika bakuli kwa kiganja, ukipita anaendelea kunywa. Nilimuuliza kama haogopi, akacheka mpaka akapaliwa. Mke wangu naye anasema nina woga wa mgeni. Nimekulia Tanga, malaria nimeumwa hadi nikaacha kuhesabu, ila kupulizwa kama mende sijawahi.

#2 Kinyonga_wa_Buza

Sisi huku Buza tunalilia hata kijiko cha dawa, wewe unaletewa mlangoni kila wiki unalia. Njoo tubadilishane. Mbu nakuachia na godoro.

#3 LetePicha

Picha ya moshi tafadhali. Na ya bwawa.

#4 Msema_Chake

Mkuu, swali lako umeshalijibu mwenyewe. Ukiona muuzaji hali anachouza, usinunue. Hapo mnafanyiwa majaribio, na kodi mnalipa.

#5 Mzee_wa_Viuatilifu

#4 punguza moto. Kijana, nimefanya kazi na viuatilifu miaka 22, nyingi shambani, kidogo mjini. Nikueleze ninavyojua.

Uliyoyaona yanaitwa mpulizo wa moshi wa joto. Dawa kidogo huchanganywa na mafuta mengi, mara nyingi dizeli, mashine inayachoma yanatoka vitone vidogo kuliko unene wa unywele. Vitone vinaelea, mbu anayeruka anagongana navyo, anaanguka. Wanafanya alfajiri au jioni kwa sababu upepo umetulia na hewa ya chini bado ni baridi, moshi haupai. Mchana wa jua kali ungepanda wote mawinguni.

Dawa yenyewe karibu kila mara ni ya jamii ya pairethroidi: permethrini, sipamethrini, deltamethrini na ndugu zao. Inashika mishipa ya fahamu ya mdudu. Binadamu ni mkubwa, damu yake ya moto, na ini lake linaivunja haraka. Ndiyo maana deltamethrini hiyohiyo imo kwenye vyandarua mnavyolalia.

Kuhusu barakoa: yule mpulizaji anashika dawa kabla haijachanganywa, halafu anaingia majengo kadhaa kwa siku, siku sita kwa wiki, miaka. Wewe unapata robo saa kwa wiki. Mpishi wa chipsi na mla chipsi hawachomwi na mafuta sawasawa.

Ila kwa mwenye pumu siwezi kukuambia "hakuna neno". Moshi wa mafuta peke yake unatosha kumkaba. Jumamosi mtoke naye kabla mashine haijawashwa, mrudi baada ya saa moja au mbili, mfute meza na vitu vyake vya kuchezea kwa maji ya sabuni.

#6 Mtanga_Ughaibuni

Asante mzee. Mfano wa chipsi nimeuelewa kuliko tangazo la lifti.

#7 Mhaya_wa_Yishun

Karibu Singapore kaka. Mimi nina miaka tisa hapa, nakaa nyumba za serikali, HDB, si huko kwenu kwenye mabwawa.

Kwanza ujue mbu wa huku si yule wa kwetu. Malaria ilitokomezwa, Shirika la Afya Duniani liliiandikisha Singapore kuwa haina malaria mwaka 1982. Wanachohangaika nacho ni dengue, na mbu wake ni Aedes, yule mweusi mwenye madoa meupe miguuni anayeuma mchana. Mwaka 2020, watu wakiwa wamefungiwa ndani kwa ajili ya korona, wagonjwa wa dengue walipita 35,000 katika nchi ambayo kwa eneo ni ndogo kuliko Dar es Salaam. Mtaani wanatundika mabango ya rangi: njano wagonjwa wako chini ya kumi, nyekundu wamefika kumi au zaidi. Ukiona nyekundu hapo kwenu, moshi usiulize.

Pili, na hapa naona wengi hawajui: mamlaka yao ya mazingira, NEA, yenyewe haipendi moshi wa ratiba. Wanasema moshi ni kwa mlipuko wa ugonjwa au mbu wakizidi kweli. Kupuliza kila Jumamosi hata kama hakuna mgonjwa ni uamuzi wa kondo lenu. Wapangaji wakiona mbu mmoja wanapiga simu, menejimenti inataka waone kitu. Ukitia dawa ya viluwiluwi mtaroni, nani atakuona?

Huku kwetu mkaguzi anagonga mlango. Anamulika tochi kwenye visahani vya maua, ndoo, na yale mabomba ya dirishani tunayochomeka mianzi ya kuanikia nguo. Akikuta viluwiluwi ni faini, dola 200 zao. Shoga yangu Mfilipino alipigwa faini kwa chombo cha maua ya Bikira Maria. Kwenye korido zetu kuna mikebe myeusi ya mtego, ndani maji ya majani makavu na ukuta wenye gundi, mbu jike akija kutaga ananasa. Na mara mbili kwa wiki anakuja kijana na vifuko vya mbu anawaachia.

#8 Mtanga_Ughaibuni

Anawaachia?? Wanafuga mbu?

#9 Mhaya_wa_Yishun

Madume tu, na dume haumi. Wamewekewa bakteria aitwaye Wolbachia. Wakipandana na majike ya mtaani mayai hayaanguliwi. Mradi ulianza 2016. Wiki za kwanza nilikuwa napiga makofi nyumba nzima kuwaua, jirani akaniambia dada, hao ni wafanyakazi wa serikali.

#10 Kinyonga_wa_Buza

Mhaya kupigana na watumishi wa umma, hilo halinishangazi.

#11 Mvita_Kongwe

Hamjambo ndugu wa bara. Mombasa tumeonja yote mawili, dengue ya 2013 na chikungunya ya mwisho wa 2017 kuingia 2018. Mimi niliipata ya pili. Asubuhi nilishuka kitandani kwa magoti kama mtoto, vidole havikunji, kikombe cha chai nakishika kwa viganja viwili. Miezi minne. Kwa hivyo Mtanga, huo moshi ungekuja Old Town ningeufungulia mlango na kuuwekea kiti.

Lakini wacha niseme na ubaya wake. Walipokuja kupuliza mtaani kwetu, siku hiyo mbu walipungua kweli, tukalala raha. Siku ya nne wamerudi. Birika za maji ziko uani, maji ya bomba hutoka siku mbili kwa wiki, nani atamwaga maji yake?

#12 Tabibu_Chipukizi

Mtanga, wote mmesahau jambo jepesi. Mlaze mtoto kwenye chandarua, funga mada.

#13 Mhaya_wa_Yishun

#12 soma #7 tena. Anauma mchana. Chandarua kitamsaidia akilala mchana, ila huwezi kumpeleka chekechea ndani ya chandarua.

#14 Tabibu_Chipukizi

Nimekubali. Basi mikono mirefu na dawa ya kupaka.

#15 Shamba_Pareto

Mimi ni wa Mufindi, shambani kwetu tunalima pareto. Hii dawa inayowatisha ni maua yetu! Tunachuma yale meupe, tunayaanika, yanakwenda kiwandani Mafinga. Mama alikuwa anachoma maua makavu ndani, mende na viroboto wanakimbia, sisi watoto tumo humohumo, na tumekua tukafika chuo. Kitu cha asili hakina shida.

#16 Mzee_wa_Viuatilifu

Shamba_Pareto, nakupa heko na nakusahihisha. Ua la pareto lina pairethrini, za asili, jua likizipiga saa chache zimeisha. Pairethroidi zimeundwa maabara kwa kuigiza zile, zikaongezwa nguvu ili zikae muda mrefu. Ni ndugu, ila mmoja amekwenda jeshini. Na "asili" si cheti, hata mbegu za mbono ni asili.

Pia nilisahau: Mtanga, una paka? Paka hana uwezo wa kuivunja permethrini kama sisi. Samaki ndio kabisa. Kama una tangi la samaki kwenye roshani, lifunike.

#17 Mtanga_Ughaibuni

Paka sina. Kuna mjusi wa ukutani, kijana amempa jina la Kasongo. Tangu moshi wa juzi hajaonekana, naulizwa kila jioni ameenda wapi.

#18 Kinyonga_wa_Buza

Amehama. Angalau mmoja wenu ana akili.

#19 Kitwana_Maskati

Assalaam alaykum. Hapa Maskati walitupuliza 2022 mbu wa dengue alipoonekana, magari yanapita jioni na kipaza sauti. Mimi kwa hilo sina neno.

Ninalotaka watu walielewe ni tofauti. Mnachanganya moshi wa mbu na kufukiza kwa gesi. Kuna vidonge vya fosfidi ya alumini, kwenu bara mnavijua, vinatiwa kwenye magunia ya mahindi. Vikikutana na unyevu wa hewa vinatoa gesi ya fosfini. Kuna watu Ghuba wanavinunua kwa magendo na kuviweka chumbani kuua kunguni. Gesi inapita kwenye nyufa na mashimo ya kiyoyozi, inamkuta jirani amelala. Familia zimepoteza watoto kwa hivi, Jeddah na kwengineko, na aliyeweka dawa hakuwa hata mwenye nyumba ile. Moshi unaouona unakukera. Kinachoua ni kile usichokiona, jirani kakiweka na hakukwambia.

Mtanga, ukisikia jirani anapambana na kunguni, muulize anatumia nini. Usione haya.

#20 Mzee_wa_Viuatilifu

#19 Allah akulipe. Watu wangu, vile vidonge ni vya ghala, na ghala lenyewe lifungwe na lisilaliwe.

#21 Msema_Chake

Mnaona? Nilisema ni sumu mkanicheka.

#22 Mzee_wa_Viuatilifu

Ulisema kuhusu kitu kingine.

#23 Kijana_wa_Habana

Nilisoma Cuba miaka sita. Mtanga, wewe unapuliziwa bustani, sisi tulikuwa tunapuliziwa vitanda. Jamaa anagonga na bomba analoliita bazuka, mnatoka wote, anajaza nyumba moshi hadi unatokea chini ya mlango, dakika arobaini na tano mko nje barabarani. Mtaa mzima unacheza domino kwenye kinga za njia. Ukirudi, mende chali sakafuni wanapiga miguu, na wali uliousahau jikoni una ladha ya dizeli. Nilikula mara moja.

Je, ilisaidia? Yule Aedes anapenda kupumzika ndani, nyuma ya kabati, kwenye nguo zilizotundikwa. Kwa hiyo kupuliza ndani kuna mantiki kuliko kupuliza maua. Lakini dengue bado ilikuwa inatutembelea. Wacuba haohao ndio waliosaidia kile kiwanda cha Kibaha kinachotengeneza bakteria wa kuua viluwiluwi majini. Hayati Magufuli alipita pale 2017 akaagiza halmashauri zinunue. Nani hapa amewahi kuiona hiyo dawa ikimwagwa mtaani kwake?

#24 Kinyonga_wa_Buza

Buza hatujaiona. Tumeona uchaguzi.

#25 Mama_Kiwembe_Sinza

Mimi nilipata dengue Dar ile ya 2019. Macho yanauma kwa nyuma, ukigeuza tu unasikia kama kuna mtu anayavuta. Nilipopona nikaita watu wa kupiga dawa, wakapiga nyumba nzima, nikalipa. Wiki mbili baadaye dada wa kazi anapata homa. Fundi friji alipokuja ndiyo akavuta kile kisahani cha nyuma kinachopokea maji, akaniita: mama njoo uone. Viluwiluwi wanacheza kama wako shule. Nyuma ya friji! Dawa wamepiga ukutani, maskani ya mbu iko jikoni kwangu, na umeme nailipia.

#26 Mvita_Kongwe

Pole mama. Mwajua lakini jina dengue ni letu? Kidinga pepo. Mwaka 1870 ulipozuka ugonjwa Unguja, daktari James Christie aliyekuwa pale aliandika kwamba wenyeji wauita hivyo, na wazee wakumbuka uliopita miaka ya 1820 na kitu. Jina likasafiri hadi visiwa vya Karibi. Hadi leo twasema kidingapopo.

#27 Kijana_wa_Habana

Wahispania wana neno lao dengue, maana yake maringo, mtu wa kujinyonganyonga. Mgonjwa anatembea kwa madaha kwa sababu viungo vinauma. Wengine wanasema jina limetoka huko.

#28 Mvita_Kongwe

Na wengine wasema Wahispania walilisikia dinga la watumwa wa pwani wakalivika maringo yao. Siondoki hapa.

#29 Mndonde_Newala

Mkigombania dengue, chikungunya tuachieni. Hilo ni la Kimakonde, halina ubishi: kinachomkunja mtu. Ugonjwa ulielezwa mara ya kwanza kutokana na mlipuko wa 1952 kwetu uwanda wa Makonde. Maji yalikuwa mbali, kila nyumba inahifadhi kwenye mitungi ndani. Mbu hakuhitaji hata kutoka nje. Na wapo wataalamu wanaoamini huo wa Unguja wa 1870 ulikuwa wetu, si dengue, kwa vile viungo viliuma muda mrefu baada ya homa. Kwa hiyo Mvita, jina lenu, ugonjwa wetu.

#30 LetePicha

Uzi umetoka Singapore umefika Newala na picha bado.

#31 Mtanga_Ughaibuni

Mrejesho. Leo Jumamosi tulitoka saa moja kamili, mimi na kijana, tukaenda kunywa chai kwa Wahindi. Mke alibaki kwa makusudi kunionyesha kuwa mimi ni mwoga. Tumerudi saa tatu, kichwa kinamuuma, na mende watatu wakubwa wamepanda kwenye tundu la maji la bafuni, mmoja akafia kwenye mswaki wangu. Sasa eti mimi ndiye nina mkosi.

Nilikwenda ofisi ya jengo na kuuliza mambo mawili: dawa inaitwaje, na hapa kuna mgonjwa wa dengue? La pili wakasema hakuna. La kwanza wakasema mkandarasi ndiye anajua. Mkandarasi nikamfuata getini, kijana wa Kibangladeshi, amevua barakoa anakunywa soda. Akanionyesha dumu. Lebo imelowa dizeli, nusu imebanduka. Nikasoma "methrin" tu, mwanzo wake haupo.

#32 Mzee_wa_Viuatilifu

Hiyo ni jamii niliyosema. Lakini jengo kutojua jina la dawa wanayompulizia mtoto, hilo ni kosa. Waandikie barua, omba karatasi ya usalama ya dawa. Wanapaswa kuwa nayo.

#33 Mhaya_wa_Yishun

Na uwakumbushe kwamba hakuna bango jekundu hapo kwenu. Mende wanaopanda ni kawaida, moshi ukiingia mtaroni wanatafuta hewa. Ziba tundu kwa kitambaa Ijumaa usiku.

#34 Tabibu_Chipukizi

Kichwa cha shemeji kinaweza kuwa ni kiyoyozi, kinavuta moshi kutoka nje. Kizimeni.

#35 Mtanga_Ughaibuni

Tabibu, mimi ni fundi. Kiyoyozi cha ukutani kinazungusha hewa ya ndani, cha nje ni gesi na feni tu. Alifungua dirisha la jikoni kuangalia kama anti yuko kwenye benchi.

#36 Mama_Kiwembe_Sinza

Na alikuwepo?

#37 Mtanga_Ughaibuni

Alikuwepo. Leo ilikuwa tambi.

#38 Msema_Chake

Huyo anti ndiye aliyechanjwa.

#39 Kinyonga_wa_Buza

Mtanga, tuachane na hayo. Ile mashine ya moshi bei gani huko? Mbezi watu wana hela na wanaogopa mbu. Wewe ulete mashine, mimi nitafute dizeli, Msema_Chake tutamvalisha barakoa asimame getini kama tangazo.

#40 Mtanga_Ughaibuni

Nitamuuliza yule kijana Jumamosi. Kasongo amerudi, yuko nyuma ya saa ya ukutani, mkia hana.

#41 LetePicha

Picha ya Kasongo basi.